Mbwa wa Kukaa na Mama

Mama alipoanza kutoka nyumbani bila kuaga, mimi nilikuwa nimeshachoka. Ziwa lilikuwa limepanda na kula nyumba yake ya pwani, nyumba aliyoijenga mwenyewe kwa biashara ya ndagala, dagaa wa ziwani, na sisi tulikuwa tumehamia Rugenge, mtaa wa hapa Uvira, kwenye nyumba ya kupanga, tukamchukua akae nasi. Tulikuwa wanne: yeye, mimi, mume wangu na binti yetu aliyekuwa darasa la tano. Mimi nafundisha shule ya msingi, zamu ya mchana. Watu husikia zamu ya mchana wakadhani asubuhi ninalala. Asubuhi nilikuwa natafuta maji, napika, nafua, halafu nasimama mbele ya watoto wengi kuliko madawati, chini ya mabati yanayowaka jua.

Maisha yake yote mama aliuza ndagala. Kulipokuwa kunaanza kupambazuka aliteremka ziwani na beseni kichwani, akanunua kwa wavuvi, akaanika, akauza. Akili ilipoanza kumwacha, ilimwacha kwa namna ya ajabu. Alisahau kama amekula. Alisahau kwamba baba alikufa zamani. Lakini saa ya mitumbwi kurudi hakuisahau hata siku moja. Kabla jua halijapanda alikuwa amekwisha kufunga kitenge, amechukua beseni, amefungua lango na kushika njia.

Shida haikuwa kushuka, shida ilikuwa mahali alipokwenda. Alivuka barabara kubwa bila kutazama malori wala pikipiki, akaenda moja kwa moja mpaka pale ilipokuwa nyumba yake. Pale sasa ni maji, na kuta mbili zimebaki zimesimama humo kama meno. Aliingia mpaka magotini akitafuta mlango. Viboko hupita sehemu ile, na mamba nao wameshaonekana. Nilimkuta mara nyingi akipapasa ukuta kwa mikono miwili, kitenge kimelowa mpaka kiunoni.

"Mama, turudi nyumbani."

"Ni hapa ku nyumba. Weye ni nani wa kunitoa kwangu?"

Nilimshika mkono, tukapanda pamoja akinitukana njia nzima. Watu walitusalimia kwa huruma, nami sikuwa na nguvu ya kuwajibu.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Anatengeneza malango ya watu, kwa hiyo jambo la kwanza lililomjia akilini lilikuwa kufuli. Tulifunga lango kwa kufuli. Mama alilitikisa na kupiga kelele kwamba anauawa, mpaka majirani wakaja, na mzee mmoja wa kanisani akatuita kutuuliza tunamfanyia nini mama yetu. Kufuli tukaliacha. Hapo ndipo mume wangu aliposema habari ya mbwa.

"Mbwa?" nilimwambia. "Nani atampikia?"

"Si mbwa ya kubweka tu. Kuna mteja wangu anahamisha familia Bujumbura, anaacha berje yake. Ile mbwa ilifundishwa. Ukiiambia ikae, inakaa. Ukiiambia muntu asipite, hapite."

Berje ni wale mbwa wakubwa wa Kizungu, wenye mgongo mweusi na masikio yaliyosimama, ambao hapa kwetu utawaona kwenye nyumba za wafanyabiashara na mashirika. Nilijua mume wangu anamtaka kwa sababu nyingine pia. Siku hizo milio ya bunduki ilisikika milimani, watu walikuwa wanavuka mpaka na mafurushi, na kila mwenye nyumba alikuwa anasikiliza hatua za watu nje ya ukuta wake.

Wiki hiyohiyo mama mdogo, ndugu wa mwisho wa mama, anayelima mpunga kule Bwegera, alinipigia simu. Nilimweleza habari ya berje.

"Ile ya kizungu itamulinda dada yangu ao itamufunga?" aliuliza. "Minye niko na mbwa hapa, ya kienyeji, ile ndogo nyekundu. Ilikuwa inatembea na mama mukwe wangu mpaka siku alikufa. Sasa inalala tu. Mukiitaka mukuje kuichukua."

Nilimweleza mume wangu. Alicheka. Alisema mbwa wa Bwegera kazi yake ni kufukuza ndege kwenye mpunga. Hatukubishana sana. Berje alikuwa karibu, hakuhitaji safari, na mimi sikuwa na nguvu ya safari. Tukakubaliana tumjaribu kwanza.

Alikuja akiwa amekaa kwenye kiti cha nyuma cha gari, ametulia kama mtu mzima aliyealikwa. Sitamsema vibaya. Alikuwa mbwa mzuri na mwenye heshima. Alikuwa hajui Kiswahili hata neno moja, maana mwenye mbwa alimfundisha kwa Kifaransa, na binti yangu akafurahi kupita kiasi kupata mtu wa kumwamrisha kwa Kifaransa cha shule. Alimwambia *assis*, akakaa, *couché*, akalala. Alimwambia bibi yake, "Koko, na weye sema." Mama alimtazama mbwa, akamtazama mtoto.

"Minye sisemi Kifaransa na mbwa," alisema, akaingia ndani.

Mume wangu alimwonyesha mbwa mama, akamwonyesha lango, akasema maneno yake. Mbwa alielewa mara moja.

Asubuhi iliyofuata mama alikwenda langoni na beseni lake. Mbwa aliinuka, akaja kusimama mbele yake kwa ubavu. Hakubweka wala hakuonyesha meno. Mama aliposogea kulia, naye alisogea kulia. Mama alimpiga na beseni kichwani. Mbwa alifumba macho, akabaki pale pale. Mwishowe mama alirudi, akaketi karibu na ukuta, beseni mapajani.

Nilisimama mlangoni nikiwa na viatu mkononi, tayari kukimbia, na sikuwa na pa kukimbilia. Nilirudi kitandani. Nililala mpaka jua likaingia dirishani, jambo ambalo sikumbuki lilitokea lini mara ya mwisho.

Kwa muda mambo yalikuwa hivyo. Nilipata maji bila haraka. Nilisahihisha madaftari nikiwa nyumbani badala ya kuyabeba kwenda nayo ziwani. Darasani nilicheka kwa jambo fulani alilosema mtoto, darasa zima likageuka kunitazama. Majirani nao walimpenda mbwa. Walisema tangu amekuja, mtaa mzima unalala vizuri. Ila wamama wa kanisani waliokuwa wanakuja kumsalimia mama walianza kusimama nje ya lango na kupaza sauti, halafu wakaacha kuja.

Mama alinyamaza. Kwanza niliona ni utulivu, nikamshukuru Mungu. Baadaye nikaona hachani nywele. Sahani ya bugali na sombe la majani ya muhogo niliikuta kama nilivyoiacha, imekauka. Akiulizwa jambo alijibu "ndiyo" hata pale jibu lilipaswa kuwa kitu kingine. Hakunitukana tena, na matusi yake, niliyokuwa nimeyachoka kabisa, nilianza kuyatafuta. Nilimchokoza makusudi ili anijibu. Hakujibu.

Siku moja ya mapumziko nilikuwa naanika nguo nyuma ya nyumba, nikasikia sauti yake. Nilifurahi, nikadhani ana mgeni. Nilichungulia. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mbwa, langoni, mikono ameikunja kifuani.

"Chef," alikuwa anasema, "unisaidie, chef. Minye ni mama tu. Niko na batoto, banalala njaa. Mitumbwi imefika. Nitapita tu, nitarudi, chef, siko na kitu kibaya mu beseni, angalia."

Akainamisha beseni mbele ya pua ya mbwa ili lionekane ndani halina kitu.

Sauti ile naijua. Kila mwanamke wa huku aliyewahi kusafirisha bidhaa barabarani anaijua. Ndiyo sauti ya kwenye kizuizi, mbele ya mtu mwenye bunduki. Mama aliitumia miaka mingi ili mimi nisome, na nilikuwa sijawahi kuisikia nyumbani. Mbwa alimtazama kwa upole, hakusogea.

Niliacha nguo kwenye beseni nikakaa chini.

Mume wangu aliporudi kazini nilimweleza. Alisikiliza huku ananawa mikono, ananawa tena.

"Lakini iko salama," alisema. "Hajaingia tena mu maji. Unataka akufe na maji?"

"Sitaki."

"Sasa unataka nini?"

"Jumamosi naenda Bwegera."

Najua alidhani uchovu umenifika kichwani.

Njia ya kwenda kwenye tambarare ya Bwegera ni vumbi na mashimo, na vizuizi, na kila tuliposimama nilikumbuka magoti ya mama. Mama mdogo alinipokea kwa wali mpya na samaki. Mbwa alikuwa amelala chini ya kitanda cha miti kilichokuwa cha mama mkwe wake. Sikuvutiwa naye. Alikuwa mdogo, mwekundu kama udongo wa tofali, mkia umejikunja juu ya mgongo, na sikio moja limechanika.

"Sitakudanganya," mama mdogo alisema. "Iko mwizi. Samaki, nyama, hata mayai. Haisikiage neno. Haibweke, muntu mubaya akikuja itatikisa mukia. Kazi yake ni moja tu: ikipenda muzee, haimuache."

"Na ikikataa kumpenda?"

"Utanirudishia."

Akaniambia kwamba mama mkwe wake katika siku za mwisho alikuwa anakwenda kukaa kwenye tuta la shamba la mpunga tangu asubuhi, bila sababu, na mbwa alikaa ubavuni mwake mpaka mtu alipokuja kuwachukua wote wawili. Hakuwahi kumzuia. Alikaa naye tu. Mama mdogo alipomaliza kueleza alinitazama, akaongeza, "Na weye pia umekonda. Kula."

Nilirudi Uvira bila mbwa, kwa sababu kwanza nilitaka kuzungumza na mume wangu. Wawili nyumbani hatungeweza kuwalisha, na nilijua hata kama tungeweza, yule mkubwa asingekubali yule mdogo ampitishe mama langoni. Ilikuwa lazima tuchague.

Tulizungumza uani, mama akiwa amelala, mtoto yuko kwaya. Mume wangu alikuwa anamchana berje manyoya kwa kitana cha zamani, kazi aliyoipenda kuliko alivyotaka kukiri.

"Mu siku kama hizi," alisema, "watu wote wanatafuta mbwa kama hii. Sisi tutoe hii, tulete ile yenye kuiba samaki?"

"Wezi lango lako linawatosha. Ulilitengeneza vizuri. Mimi natafuta wa kukaa na mama."

"Na mama akivuka barabara na gari ikamgonga, mbwa itafanya nini?"

"Hakuna. Atakufa akiwa anakwenda kazini kwake."

Nilisema hivyo, halafu nikaogopa maneno yangu mwenyewe. Mume wangu aliendelea kuchana. Nilimwambia ninalotaka ni moja: kesho asiende karakana mapema, akae dirishani aangalie mwenyewe.

Alikaa. Mama alikuja na beseni, akapiga magoti, akaanza, "Chef, unisaidie." Sikumtazama mama, nilimtazama mume wangu. Mama yake mwenyewe naye aliuza chumvi kwenye njia ya Fizi, akipita vizuizi vilevile. Alisimama dirishani mpaka mama alipokata tamaa na kurudi ukutani. Kisha alichukua kamba, akamwita mbwa kwa Kifaransa chake kibovu, wakatoka. Alimpeleka Kavimvira, karibu na mpaka, kwa ndugu wa yule mteja. Alirudi kwa miguu, njia yote ile, na jioni hakula.

Mbwa mwekundu alikuja ndani ya gunia lililofungwa shingoni, juu ya pikipiki ya mtu aliyekuwa analeta mchele. Alipofunguliwa alijitikisa, akakojoa kwenye mguu wa meza, akala sabuni. Binti yangu alimwambia *assis*. Mbwa akaenda zake. Mtoto alilia, akataka tumrudishe berje, na mume wangu akatoka nje.

Asubuhi mama alikwenda langoni. Alitazama kulia na kushoto, akimtafuta yule askari. Hakumwona. Alifungua lango polepole kama anaiba, akatoka. Mbwa mdogo alinyanyuka, akajinyoosha, akamfuata. Nami nikawafuata kwa mbali.

Barabarani mama alisimama. Alikuwa amegundua kitu nyuma yake.

"Ile mbwa ni ya nani?" aliwauliza watu waliokuwa pale.

Alimtupia jiwe, mbwa akakwepa, akaja tena. Wakati wanabishana hivyo lori lilipita, na mama akavuka likiwa limekwisha kupita. Sisemi mbwa alifanya hivyo kwa akili. Nasema tu ndivyo ilivyokuwa.

Kwenye maji ndipo nilipoelewa mama mdogo alichokuwa ananiambia. Mama aliingia, akaelekea ukuta wake. Mbwa alisimama kwenye mchanga. Maji alikuwa anayaogopa. Akatoa sauti. Haikuwa kubweka, ilikuwa sauti ndefu ya kupanda na kushuka, kama mtoto mchanga aliyeachwa peke yake. Mama aligeuka. Alisikiliza. Akarudi nchi kavu haraka, huku maji yanamrukia, akainama mbele ya mbwa kwa hasira.

"Weye! Unalia nini? Nani amekupiga?"

Kila alipotaka kurudi majini, mbwa alilia, na mama, aliyelea watoto saba, hakuweza kuacha kitu kinalia. Mwishowe aliketi naye mchangani. Niliwakuta wamekaa hivyo, anamtoa kupe kwenye sikio lililochanika.

Sikupumzika kama wakati wa berje. Niseme ukweli, nililala zaidi kidogo kuliko kabla mbwa hawajaja, si sana, na asubuhi niliwafuata mpaka barabarani tu, nikawaacha wateremke na kurudi wenyewe. Mbwa aliiba. Alikula mkate wa shule wa binti yangu, alikula kuku wa jirani, tukaomba radhi, tukaomba tena. Lakini mama alianza kunitukana upya, kwa nguvu, na sahani zilirudi zimelambwa, ingawa sikujua ni nani kati ya wawili hao aliyekula zaidi.

Msimu wa mvua ulipofika, asubuhi moja maji yalishuka kutoka milimani kwa kelele, barabara ikawa mto wa matope na mawe. Mama alikuwa amekwisha kutoka. Nilikuwa natafuta viatu nimfuate, nikamwona mbwa anaingia langoni. Peke yake. Amelowa, mkia chini, akapita karibu yangu bila kunitazama na kujiingiza chini ya kitanda cha mama.

Nilimvuta kwa miguu. "Iko wapi mama? Umemuacha wapi?" Nilikuwa napiga kelele kwa mbwa kama mwendawazimu. Alijikunja tu. Nilitoka bila viatu. Sikumbuki nilivyovuka barabara. Nilikwenda kwenye kuta mbili na sikuona mtu, maji yalikuwa yamechafuka, mekundu, yana matawi ya miti na jerikani za watu. Niliita. Nilisimama pale nikihesabu kichwani watu ambao nitawapigia simu, na jambo moja dogo, baya, lilinipitia moyoni: kwamba kesho nitalala. Lilipita. Nililia kwa sauti.

Mwanamke mmoja aliniita kutoka kwenye kibanda cha mabati wanapoanika na kuchagua samaki. "Mwalimu! Mama yako iko hapa!"

Mama alikuwa ameketi kati ya wanawake wanne, kavu kabisa, amefunikwa kitenge cha mtu, anachagua takataka kwenye ndagala. Vidole vyake vilikwenda upesi kiasi kwamba sikuweza kuvifuata. Nilikuwa sijaviona vikifanya kazi kwa muda mrefu.

"Anakuja hapa kila siku," mwanamke yule alisema. "Tunamujua, ni mama ya mbwa nyekundu. Sasa ile mbwa ndiyo tumefukuza leo. Imetumalizia samaki. Dada, munailisha kweli kule kwenu?"

Mama aliinua macho, akaniona nimesimama natiririka matope.

"Weye," aliniambia, "kama unataka ndagala, simama mu mustari. Benye wametangulia batauziwa kwanza."

Nilisimama nyuma ya mteja mmoja aliyekuwa pale. Mwanamke yule alinisogezea kreti tupu, nikakaa.

Tulikubaliana hivi: mama atashinda kwao asubuhi, nami nitampitia kabla ya kwenda shule, mbwa atakuja akiwa ameshiba, na mlangoni mwa kibanda atafungwa kamba. Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachopika kila siku, kabla ya chai ya watu, ni bugali ya mbwa. Mume wangu huona sufuria hiyo, anatikisa kichwa, lakini juzi nilimkuta anamwongezea ndagala za jana. Habari za berje alizipata: alivushwa Bujumbura kwa yule mteja, yuko mzima.

Mama hapati nafuu. Siku nyingine anafika kwenye barabara na kusahau anakwenda wapi, wanakaa kando na mbwa mpaka mtu anayewajua anawarudisha. Siku nyingine anamwita mbwa kwa jina la kaka yetu aliyekufa mdogo, na sisi hatumrekebishi.

Leo yule mwanamke wa kibandani amepiga simu. Mbwa amekata kamba, amekula samaki wa mteja mkubwa, na mteja amekasirika. Nimemwambia nakuja. Nimevaa kandambili, nimechukua funguo, halafu nimekaa kwanza kidogo kwenye ngazi.